Ndege Iliyotua Mezani kwa Karani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa kambini Nakivale, nikisubiri barua ya ruhusa ya kwenda Mbarara. Mbele yangu bibi mmoja Mkongomani alikuwa akimbembeleza mjukuu wake, aliyekuwa analia tangu asubuhi. Bibi alipochoka, alichana ukurasa wa daftari, akakunja ndege ya karatasi, akaipuliza kwenye ncha na kuirusha. Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, ikavuka kaunta na kutua mbele ya karani. Mtoto akanyamaza.

Karani akasimama. "Nani ametupa hii kitu?"

"Ni miye, baba," bibi akajibu, kadi yake ya ukimbizi ameikumbatia kifuani. "Mutoto alikuwa analia sana. Musitufukuze."

Karani akaigeuza ile ndege, akaikagua kwa jicho moja, kisha akaketi na kuanza kuikunja upya. "Mama, bawa moja ilikuwa ndefu. Ndiyo maana imekuja kwangu."

Akairusha. Ilinyooka hadi miguuni pa mtoto, na foleni nzima ikashangilia.

Miaka yote niliyoishi hapa nimeona karatasi nyingi zikienda kwenye meza ile. Hiyo ndiyo ya kwanza kurudi siku ileile.