Mzungumzaji wa Kumi na Moja

Majirani wa Mwanamkuu Sabiri pale mtaani Isevya hawakuielewa vizuri kazi yake. Walimwona akitoka asubuhi na pochi yake na chupa ya chai, akirudi jioni macho mekundu, wakadhani yuko benki, ambako watu hukodolea macho tarakimu kutwa. Siku alipowaambia kwamba anasikiliza watu waliogombana, mmoja wao alicheka hadi akajishika kiuno.

"Mbona mimi nawasikiliza bure, shoga? Hamia kwangu, ukuta wenyewe mwembamba."

Kituo cha Utafiti wa Amani na Migogoro kilikuwa na vyumba vinne katika nyumba ya zamani yenye baraza pana. Watafiti wake walikwenda vijijini kandokando ya njia ya kale ya misafara, kuanzia Tura hadi mbele ya Usoke, wakauliza watu waligombania nini, nani aliumia, na kama walipatana, walipatana vipi. Walirudi na sauti kwenye vinasa sauti, na sauti zote ziliishia mezani kwa Mwanamkuu. Yeye alivaa visikizio, akaandika neno kwa neno, kikohozi na kimya vikiwemo. Chuoni alisomea ukutubi. Kinyamwezi alikinyonya kwa bibi yake mzaa mama. Mtafiti alipopungua, alifunga safari mwenyewe akahoji watu.

Lakini kuandika ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumficha msemaji. Kila jina liligeuzwa namba, na orodha ya kulinganisha namba na majina ilikaa kwenye kabati la chuma, ikingoja kuchomwa mwisho wa mwaka. Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Mtu hujulikana kwa chongo lake, kwa wake zake watatu, kwa kisima kilicho uani kwake. Kwa hiyo Mwanamkuu alibadilisha. Mama wa mapacha alimfanya mama wa binti mmoja. Mwenye duka la dawa alimpa duka la nguo. Aliyafanya hayo kwa uangalifu wa mshonaji anayetia kiraka asitake kionekane. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyetambuliwa kupitia mikono yake. Hakujisifu kwa hilo mbele ya mtu, lakini ndilo lililomlaza usingizi.

Mwaka huo Kituo kilitoa kitabu chembamba juu ya kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Usoke. Kijiji chenyewe hakitatajwa hapa. Kimekwisha kutajwa vya kutosha. Kama ilivyokuwa desturi ya Kituo, watafiti wawili walikwenda kukisoma kitabu mbele ya wanakijiji, ili maneno yarudi kwa wenyewe. Mwanamkuu alibaki ofisini.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, simu yake iliita.

"Dada Mwanamkuu? Mimi Apolinaria, mke wa Zablon seremala. Namba yako nimeitoa kwenye ile karatasi mliyotuachia."

"Nakusikia, mama. Habari za huko?"

"Kitabu chenu kimemzika mume wangu, naye bado anakula."

Mwanamkuu alikaa.

Apolinaria alieleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia. Tangu siku ile ya kusoma, hakuna anayewasalimu. Jirani amewanyima moto. Mashine ya kusaga imemrudishia mahindi yake. Kisimani amekatazwa, anateka mtoni. Waliokuwa wamempa Zablon kazi walikuja kuchukua mbao zao, nyingine zimepigwa randa upande mmoja tu. Na Jumamosi hii kuna mkutano wa kumwondoa kijijini kabisa.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Si mmeandika wenyewe? Mzungumzaji wa kumi na moja, seremala. Hapa seremala ni mmoja. Dada, siku kijana yule alipouawa Zablon alikuwa kitandani na malaria. Ila shahidi wake ni mimi, na mimi nani ataniamini?"

Mwanamkuu hakuhitaji kukifungua kitabu. Maneno yale aliyasikia kwa masikio yake, kwani mtu yule alihojiwa naye mwenyewe:

*Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukikanyaga kitalu changu cha tumbaku. Nikawaona vijana wawili wachungaji. Hawakuwa wezi. Nilijua hawakuwa wezi, mmoja alikuwa anahangaika kuwatoa. Hasira ikanipanda. Nikapiga mwano, nikasema wezi. Mimi ni seremala, nyundo ninayo, lakini sikumgusa mtu. Watu wakaja.*

Mwano ni ule ukelele wa hatari ambao kila mwanamume anayeusikia hutoka na rungu lake bila kuuliza. Kijana mmoja alikimbia. Wa pili alikufa kabla jua halijapanda. Ilikuwa miaka sita iliyopita, na katika vijiji vile kupiga mwano wa uongo ni kosa lisilosahaulika.

Alifungua kabati la chuma, akapitisha kidole kwenye orodha. Mstari wa kumi na moja. Fundi baiskeli. Kijijini kulikuwa na fundi baiskeli mmoja tu, ndiyo maana alimbadilisha. Hakuuliza kulikuwa na maseremala wangapi. Neno lilimjia lenyewe, kwa kuwa baba yake alikuwa seremala, na mpaka leo harufu ya mninga uliochanwa ilimrudisha kwenye karakana yake. Alitafuta kazi ya heshima ya kumpa mtu mwenye majuto, akampa ya baba yake.

Mkurugenzi, Daktari Abdulnasser, alimsikiliza huku akikunja na kukunjua miwani yake.

"Tutaandika barua, Bi Mwanamkuu. Tutaeleza kwamba baadhi ya maelezo yamebadilishwa."

"Barua gani, Daktari? Wao wanasubiri Jumamosi."

"Ukisimama ukawaambia si seremala, wataanza kuhesabu. Kijiji kile kina mafundi wanne. Wakimaliza kuhesabu, tumemuua mwingine. Na tuliapa."

"Niliapa mimi."

"Basi unanielewa."

Alimwelewa. Hilo ndilo lililomkosesha chakula siku nne.

Jumamosi alipanda basi la kwanza la Urambo, akashuka Usoke, akakodi bodaboda. Oktoba ilikuwa imekausha kila kitu. Vumbi liliwatangulia na kuwafuata. Saa mbili na nusu alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha nyasi, ambapo mwanamume mwenye mvi za mapema alikuwa amezamisha mpira wa baiskeli katika beseni, akitafuta mahali panapovuja. Ng'ambo ya barabara, karakana ya Zablon ilikuwa imefungwa. Mtu aliyeketi kwenye kibanda hiki hakuwa na pengine pa kutazama.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama." Aliinua uso, akamtambua, akaurudisha kwenye beseni. "Uliniapia."

"Nilikuapia."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Kukuomba ruhusa."

Povu lilitoka kwenye mpira. Akaweka kidole juu ya tundu, akakiacha hapo.

"Miaka sita sikulala, dada. Siku ile niliyokuambia, nililala mpaka jua likanichoma. Mke wangu akadhani nimekufa."

"Na sasa unalala?"

Alitazama karakana iliyofungwa. Alisema, "Mke wa Zablon hupita hapa na ndoo. Alikuwa akinisalimu. Siku tatu za kwanza alinisalimu."

"Ukaitikia?"

"Sikuitikia."

Alitoa mpira majini, akaufuta kwa kitambaa taratibu.

"Mbona seremala?"

"Baba yangu alikuwa seremala. Ni neno lililokuwa karibu."

"Ungeandika mvuvi."

"Hapa hakuna ziwa, fundi."

"Ndiyo maana yake."

Mwanamkuu alitaka kucheka na machozi yakamlenga. Mtu huyu, asiyewahi kuingia chuo chochote, alikuwa ameiona kazi yake vizuri kuliko alivyoiona mwenyewe.

"Unaniruhusu?" aliuliza.

"Hapana."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanaume walikaa mbele, wanawake pembeni, na nyuma kabisa, peke yake juu ya kanga aliyoitandika, alikaa Benedikta, mama wa yule kijana aliyekufa. Alikuwa ametoka kwenye boma lao ng'ambo ya mto tangu alfajiri. Zablon na mkewe walisimama. Hakuna aliyewapisha kwenye benchi.

Mwanamkuu aliomba neno kabla mwenyekiti hajaanza.

"Neno seremala limetoka kwangu. Aliyezungumza nasi hakusema hivyo. Tunabadilisha kazi za watu ili wasijulikane, na mimi nikachukua kazi ya mtu mwingine bila kuuliza. Zablon hakupiga mwano. Namwomba radhi yeye, na mkewe, na ninyi."

Uwanja ulinguruma. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama wa mjini, kwa hiyo kalamu yako hutunga hadithi, sisi tunatengana!" Wengine walicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Basi ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Sitasema."

"Unamjua?"

"Namjua."

Hapo Benedikta alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu. Alitembea katikati ya wanaume mpaka akamfikia.

"Unamjua aliyemuua mwanangu kwa mdomo wake, unanitazama, na unanyamaza?"

"Shikamoo, mama," alisema Mwanamkuu.

Benedikta hakuitikia marahaba. Alirudi kwenye kanga yake.

Wazee walinong'ona muda mrefu. Kisha mwenyekiti akasema: Zablon asalimiwe, apewe moto, mkewe arudi kisimani. Lakini mgeni huyu anajua na anaficha. Basi hukumu iliyokuwa ya seremala ni yake. Mpaka aseme, asipewe maji, asisalimiwe, asibebwe na chombo chochote.

Yule wa bodaboda aliyemleta alitoa ufunguo kwenye pikipiki yake, akautia mfukoni bila kumtazama.

Watu hawakuondoka. Walihamia kwenye kivuli cha madarasa, wakangoja, kama watu wanaongoja jipu liive. Mwanamkuu alibaki kwenye benchi katikati ya uwanja. Chupa yake ya chai ilikuwa imekwisha tangu Usoke. Saa sita ikapita, na saa saba. Ulimi ulimganda. Aliwafikiria wote waliowahi kusema masikioni mwake, mamia yao, na kimya chao alichokiandika kwa vitone vitatu. Apolinaria alipita karibu, akageuza uso akilia. Zablon, aliyesalimiwa asubuhi hiyo na watu arobaini, alimtazama kwa mbali, akainamisha kichwa. Wasingeweza kumpa maji. Ndiyo kwanza wamerudishwa.

Fundi baiskeli alitokea upande wa barabara. Alikuwa na kikombe cha bati, amekijaza hadi ukingoni, akitembea polepole kisimwagike. Aliuvuka uwanja mbele ya macho ya kijiji kizima.

"Kunywa, dada."

"Fundi!" mwenyekiti aliita. "Hukusikia lililosemwa?"

"Nimesikia, mwenyekiti."

Mwanamkuu hakunyoosha mkono. Alisema kwa sauti ya chini, "Nikinywa watajua."

"Kunywa. Mkono unachoka."

"Nilikuapia."

"Mimi ndiye uliyeniapia. Kunywa."

Akanywa. Maji yalikuwa ya moto moto, yana ladha ya bati, na aliyamaliza yote.

Jina lake ni Ezekia. Sasa linaweza kuandikwa. Alimpita Mwanamkuu, akawapita wanaume, ambao mmoja baada ya mwingine walianza kusimama, akafika nyuma kwenye ile kanga na kuchuchumaa vumbini.

"Mama, mwano ule niliupiga mimi."

Benedikta alisogea mbele. Watu waliokuwa karibu walidhani atampiga.

"Ng'ombe," alisema. "Walisema aliwaingiza kwenye tumbaku kwa makusudi. Walisema ni mwizi. Wewe ulikuwepo. Alikuwa akiwaingiza au akiwatoa?"

"Akiwatoa, mama. Alikuwa na fimbo, anawasukuma watoke. Nilimwona."

"Rudia."

"Alikuwa akiwatoa."

"Kwa sauti. Wasikie wale waliokuja na marungu."

Ezekia akasimama, akawageukia watu wa kijiji chake, akarudia. Baadhi yao waliangalia chini. Hakuna aliyecheka.

Mwanamkuu alikuwa bado amekishika kile kikombe. Alingoja mtu aje kukichukua, au aifute ile hukumu, hakuja mtu. Akakiweka kwenye pochi, akachukua barabara ya Usoke kwa miguu.