Nilivyodanganya kuwa najua Kimasai kwenye survey ya homa ya uti wa mgongo, Endulen

Wakuu, heshima mbele. Hiki kisa ni changu mwenyewe, chumvi sijatia, na aibu yote naibeba mimi.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nimemaliza form four, nipo kwetu Mbulumbulu napalilia maharage. Likapita gari la watafiti, wanatafuta mkalimani wa Kimasai. Walitaka kujua homa ya uti wa mgongo inawashika zaidi watoto wa umri gani, na msimu gani.

Nikanyoosha mkono.

Wakuu, mimi ni Mwiraqw. Kimasai changu chote nilikiokota mnadani nikiwa na baba. Nilijua kuuliza habari za ng'ombe, basi. Nikajipa moyo: mtoto na ndama, tofauti iko wapi?

Tukafika Endulen, huko Ngorongoro, boma la kwanza. Nesi Paulina, mama wa Karatu asiyejua utani, ameshika form.

"Muulize mtoto ana miezi mingapi."

Nikauliza. Akina mama wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kumbe nimeuliza: "Ndama wako ana meno mangapi?"

"Anasemaje?" nesi akauliza.

"Miezi mitatu." (Nisameheni.)

Likaja swali la shingo kukaza, dalili kubwa ya homa hii. Nadhani niliuliza kama ndama anakataa kamba. Kufika mchana habari zimeshatutangulia, kila boma tunakuta watu wamejipanga kunitazama, wengine wamekuja na ndama kabisa!

Sasa boma la nne akaja binti mmoja, Nasieku, amebeba kichanga chake cha miezi kama miwili. Yeye hakucheka. Akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga:

"Wewe unauliza wagonjwa. Huyu hanyonyi. Tangu jana."

Nikamgusa mtoto shingo. Laini kama ugali wa moto. Nikamwambia nesi kwa kujiamini, "Haijakaza. Andika hapana."

Nesi alimlaza mtoto vizuri, akapitisha kiganja utosini. Utosi umetuna. Mtoto analia kilio chembamba, cha ajabu, halafu analegea.

"Dereva! Washa gari!"

Njiani Nasieku alikuwa anamwita mtoto jina lake, tena na tena. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Nesi, zile form za asubuhi… nimetunga."

"Zote?"

"Majina ya akina mama nilipatia."

Akanitazama mpaka nikatamani kuruka dirishani.

Hospitali walimtoa mtoto maji ya mgongo, yakatoka na ukungu badala ya kuwa meupe kama maji ya kunywa. Ni homa yenyewe. Akachomwa sindano siku nyingi. Alipona, ila sikio moja halikusikia tena vizuri.

Survey ikaanza upya. Mkalimani alikuwa shangazi yake Nasieku. Mimi nilipewa kazi ya kubeba maji, na nilibeba kimya kimya.

Funzo wakuu: kichanga anaweza kuwa na ugonjwa huu na shingo isikaze hata kidogo. Akikataa kunyonya, akilegea, akilia kilio usichokizoea, utosi ukituna, kimbia hospitali.

Na kama hujui lugha ya watu, sema hujui.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kuomba kazi asiyoiweza? Msiniache na aibu peke yangu.