Omaha, Tukiwa Bellevue

Omaha niliijua kabla ya kuiona. Tulipoambiwa kwamba sisi wakimbizi tutahamishiwa mji huo wa Amerika, niliusoma kwenye simu mpaka nikaukariri. Nikawa nawatembeza wanangu humo chumbani kwetu Bellevue, Johannesburg: huu ni mto Missouri, hili ni daraja la waenda kwa miguu, ukisimama katikati mguu mmoja uko jimbo hili, mwingine jimbo lile. Pale kuna bustani ya wanyama yenye jangwa zima ndani ya kuba la kioo. Mdogo aliuliza kama simba wa kule wanasikia Kiswahili.

Kanisani walituombea na kutuaga kwa nyimbo. Kwetu Wakongo, anayeondoka hivyo hugawa vitu vyake. Nikagawa kitanda, mablanketi, hata sufuria yangu kubwa ya bugali. Siku nne kabla ya ndege, simu ikaita: safari za wakimbizi zimesimamishwa. Mpaka lini? Hawajui. Hawajui!

Na kitu ulichokitoa mbele ya kanisa zima, utakiombaje tena? Tukalala kwenye sementi, baridi ya Julai ikitutafuna, masanduku yamefungwa pembeni. Watoto waliponiomba niwatembeze tena Omaha, niliwafokea mpaka wakalia.

Siku ya tatu jirani alibisha hodi, ametuletea maharage ndani ya sufuria yangu ileile. Nilimshukuru, macho chini.

“Mkishakula, dada,” alisema kwa upole, “unirudishie sufuria yangu.”