Nilichagua pa kulala Mikumi kwa kuangalia mapazia, nusura posa ya binti yangu ipotee

Wakuu, salamu kwenu mliopo makazini na mliopo vijiweni.

Mimi sio mwandishi, shule niliishia la saba, lakini hili limenikaa kooni mpaka nimeona bora nilitoe hapa. Limenikuta mimi mwenyewe, sio shemeji wa jirani. Mwenye kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Kwa wasionijua, nina duka la mapazia na mashuka Kariakoo. Duka nimesema, sio meza. Nilianza na mapazia begani natembeza Buguruni juani, leo kuna magesti na mahoteli mikoani yanafunga mzigo wangu. Nikishika pazia na vidole viwili nakwambia litapauka lini. Najisifu, ndiyo. Nisipojisifu nani anisifie?

Sasa, binti yangu Nadia akapata mchumba, kijana wa Upanga. Familia yao ni Waarabu wa zamani wa mjini, watu wa heshima zao, wanaongea taratibu kama hawana haraka na dunia. Kabla ya kuleta posa wakatualika mimi na Mama Nadia tukale kwao, tujuane. Baba mtu anaitwa Mzee Nassor, mama mtu Bi Shufaa.

Biriani ilikuwa biriani kweli. Nyumba safi, mapazia mazuri. Hayakuwa yangu, iliniuma.

Mimi nikikaa na wakubwa mdomo unanitoka. Mzee Nassor akasema umri ule wote hajawahi kuona tembo kwa macho yake. Nikajisikia nasema: "Mzee, hilo niachie mimi. Nawachukua nyie wazazi tunaenda Mikumi, tunalala siku moja tunarudi. Mikumi ni kama kwangu."

Wakuu, Mikumi mimi nilikuwa naijua kwa dirisha la basi la Iringa. Barabara inakatiza mbugani, nilishawahi kuona twiga wawili huku natafuna mhindi. Hiyo ndiyo Mikumi yangu.

Tukiwa garini tunarudi nyumbani, kufika Jangwani Mama Nadia akanigeukia. Kisha akaniuliza: "Baba Nadia, kwako Mikumi ni sehemu gani hasa? Chini ya nguzo ya umeme?"

 Nikaongeza sauti ya redio.

Nadia naye akanitumia meseji, nimeitunza mpaka leo: "Baba, nakuomba. Wale wazee wameshakataa binti mmoja kwa sababu baba yake muongo. Usiniharibie."

Soma hiyo halafu ulale kama utaweza.

Basi nikaanza kutafuta pa kulala. Nilipata sehemu tatu. Ya kwanza gesti ya mjini pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Rahisi, lakini malori yanapita kichwani. Nikaitupa.

Ya pili lodge nje ya geti la hifadhi, ina uzio, ina mlinzi, vyumba self, choo ndani. Mama Nadia aliishikilia hiyo. "Wale wazee, Bi Shufaa ana presha, chukua penye uzio." Nikafungua picha. Yale mapazia! Yanang'aa kama karatasi ya pipi. Mzigo ule naujua, ukifua mara mbili unabaki wavu. Nikamwambia mwenye kufunga pazia la vile hata kwenye godoro atakuwa amepunja.

Ya tatu mabanda ndani kabisa ya mbuga. Sitayataja jina maana kosa halikuwa lao. Nafungua picha, naona pazia zito, rangi ya kahawia, pindo la mishono mitatu. Pindo la fundi wangu! Mzigo umetoka dukani kwangu! Moyo ukatulia. Mtu anayenunua pazia lile hawezi kuwa na kitu kibovu. Tena ukilala ndani unaamka na wanyama mlangoni, asubuhi huanzi upya habari za geti.

Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja mstaarabu.

"Karibu mzee. Umeshawahi kufika kwetu? Nikueleze vyumba vilivyo na utaratibu wa..."

Nikamkata. "Dada, mimi hapo nimefika sana. Usinifundishe. Nipe mabanda mawili, na bei iwe ya mwenyeji."

"Haya mzee, kama unatufahamu."

Hapa nisimame kidogo. Watu wa Kariakoo mnanielewa. Sokoni ukiuliza swali la kigeni umekwisha. Ukisema "hii ni nini", bei inapanda ukiwa hapo hapo. Miaka yote nimeishi hivyo, nikifika dukani kwa mtu nabonyeza mzigo, natikisa kichwa kama najua hata nisipojua. Ndiyo imenijenga. Ndiyo hiyo hiyo ikataka kunizika.

Siku ya safari tulitoka baada ya Alfajiri na gari yangu. Adhuhuri tumeshafika. Njia nzima naongea, "kule kuna viboko, kule kuna simba", naonyesha kidole popote tu. Mzee Nassor anaitikia, "Mashallah." Kila mashallah yake ilikuwa inanichoma.

Tukaonyeshwa mabanda. Safi, shuka nzuri, pazia langu lile. Nikalishika mbele ya Bi Shufaa, nikamwambia mama, hili ni mkono wangu. Akatabasamu. Kisha akauliza: "Na bafu?"

Nikageuka geuka kama natafuta funguo niliyoangusha. Ndani hamna.

Mlinzi wa kambi akaonyesha: bafu na vyoo vipo kwenye jengo la peke yake, kama hatua hamsini, unakatiza uwanja. Uzio hakuna. "Wanyama wanapita, lakini ukienda unatuambia tunakusindikiza. Si mlishaelezwa kwenye simu?"

Mama Nadia aliniangalia. Sitaki kuongelea jicho lile.

Saa kumi na nusu, jua bado kali, Bi Shufaa akaenda bafuni kutia udhu. Hakumwambia mlinzi, na mimi mwenyeji sikumkumbusha. Alipofunga mlango tu, tembo akatoka vichakani. Mmoja, dume, mkubwa kama lori la Fuso. Akaja taratibu mpaka kwenye tangi la maji lililopo ubavuni mwa lile bafu, akaanza kunywa maji yanayovuja. Makalio yake yameziba mlango.

Mlinzi akanong'ona, "Huyu anakuja kila siku. Asitembee mtu, asipige kelele mtu. Akishiba anaondoka."

"Anashiba lini?"

"Anajua mwenyewe."

Wakuu, vidonge vya presha vya Bi Shufaa vilikuwa kwenye mkoba, mkoba upo chumbani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilimuona Nadia wangu kichwani, amekaa na ile meseji yake.

Sauti ikatoka bafuni: "Nani anapumua hivyo huko nje?"

Mzee Nassor akamjibu taratibu, "Shufaa, kaa hapo hapo. Ni tembo."

Nikasikia komeo la mlango likikazwa. Kisha: "Baba Nadia! Si unajua kupatana wewe? Patana naye basi aondoke!"

Mama Nadia akaziba mdomo na mtandio, sijui analia sijui anacheka. Mimi sikuweza kucheka. Maana Mzee Nassor alinigeukia, akaniuliza jambo moja tu.

"Bwana Hamisi, hapa ni kwako. Lile bafu lina mlango wa nyuma?"

Ningeweza kusema upo. Ningeweza kusema haupo. Mdomo ulishafunguka kabisa kutaja chochote, kama kawaida yangu. Halafu nikafikiri, nikisema upo, atamwambia mke wake atoke nyuma, na mimi sijui nyuma kuna nini.

Nikasema: "Mzee, sijui. Sijawahi kufika hapa. Sijawahi kulala mbugani maisha yangu yote. Nilidanganya."

Akanipa mgongo. Akamuuliza mlinzi. Mlango wa nyuma haukuwepo.

Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Tembo alipoondoka hakutuangalia hata kidogo. Bi Shufaa akatoka, uso mkavu, buibui limelowa. Akapita mbele yangu akamwambia mumewe, "Nipeleke penye ukuta."

Jioni ile ile tukahamia kwenye ile lodge ya uzio. Bafu ndani, maji moto, Bi Shufaa akalala kama mtoto. Mapazia ya karatasi ya pipi vile vile. Mimi ndiye sikulala.

Kurudi Dar, kimya. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nadia hali chakula vizuri, haniongeleshi. Dukani nauza kitambaa cha mteja mmoja nakata cha mwingine. Kila simu ikiita naruka.

Siku ya kumi namuona Bi Shufaa anaingia dukani, yuko na dada yake. Nikamwekea kiti. Akashika pazia moja, akaniuliza, "Hili likifuliwa halipauki?"

Nikataka kusema halipauki milele. Nikasema, "Hili la hapa sijui, mama. Mzigo mpya, sijaufua bado."

Akaliachia. Akakaa kwenye kile kiti.

"Nadia naye, asipojua kitu, husema hajui?"

"Husema, mama. Kamfuata mama yake."

Dada yake akacheka kwanza. Bi Shufaa akasema, "Basi Ijumaa tutakuja na watu wetu kuleta posa. Mzee kakukasirikia, lakini anasema wewe ulisema ukweli mke wake akiwa hatarini, na yule baba wa kwanza hata hapo angeendelea kudanganya."

Funzo langu sio refu. Ukienda mbuga siku moja na watu wazima, usitazame pazia, uliza choo. Na swali la kigeni ni rahisi kuliko jibu la uongo, hata kama umezaliwa Kariakoo.

Sasa wakuu, ndoa ipo njiani na watoto wanataka kwenda huko huko Mikumi, siku mbili. Nauliza mbele ya watu wote, kwa sababu sijui: mliowahi kulala, wapi choo kipo ndani, na uzio mnauamini? Njooni mniambie, nipo hapa nasoma kila jibu.