Dakika Ishirini za Fundi Nyamwange

Saa kumi na mbili asubuhi, Mlinzi Mkuu wa Wakati katika nchi yote ya chai, kutoka Silibwet hadi Bomet, anawasili kazini. Amevaa kandambili, moja ya bluu, nyingine ya kijani.

Ni Zack Nyamwange, fundi wa kompyuta katika shule moja ya bweni. Seva zake nne za Linux zinaishi kwenye stoo ya zamani ya mahindi. Moja huuliza saa mtandaoni; tatu huiuliza hiyo ya kwanza. Mojawapo ya hizo tatu hupiga kengele ya shule.

"Ile ya kwanza ikidanganywa, zote zinadanganya bila kujua," anasema.

Kwa miaka kumi na mmoja hazikupishana hata nusu sekunde. Wachuma chai ng'ambo ya ua waliacha kuvaa saa. Kengele ya saa nne ikilia, hufunga magunia na kuelekea kituoni, majani yanakopimwa, kabla lori la kiwanda halijaondoka.

Jumanne kengele ilichelewa dakika ishirini. Chepchirchir, mjane anayechuma peke yake, alikuta vumbi la lori. Kilo zake thelathini na nne zilipata joto guniani zikageuka nyekundu, zisinunulike tena.

Nyamwange alikwenda kumwomba msamaha, akasimama langoni kama mdaiwa.

"Fundi, jogoo wangu hana intaneti," mama huyo alimwambia, "na hajawahi kunichelewesha." Kisha akamkaribisha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tangu siku hiyo hapiti njia ya kituoni.

Mwalimu mkuu amempa barua: Ijumaa ajieleze, la sivyo aondoke.

Akibaki, ataifanya seva ya kwanza iulize saa sehemu nne, ili moja ikiongopa ikataliwe na wenzake. Tena ataifunga kompyuta kila anapotoka. "Ingawa kuifunga mbele ya mgeni ni kama kufunga jikoni mgeni akiwa sebuleni."

Mwandishi akiwa bado anaandika neno "mgeni", Nyamwange anamgeuzia skrini. Amri ya kurudisha saa nyuma iliandikwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Saa hiyo nilikuwa jikoni," anasema polepole, "nakuchemshia chai."

Hajamwambia mwalimu mkuu. Anasema mtoto akifukuzwa Kidato cha Tatu, hakuna seva ya kumrudishia mwaka. Ijumaa atasema alikosea yeye.

Hakukosea. Mgeni aliyekunywa chai ile, akaomba na kikombe cha pili, ni mimi, Kimeli wa Kidato cha Tatu. Nilitaka kuona kama dakika ishirini zinaweza kupotea bila mtu kujua. Makala haya ninampelekea mwalimu mkuu leo, kabla ya kengele ya saa nne. Nikibaki shuleni au nikifukuzwa, gunia la Chepchirchir nitalibeba mimi.