Utosi wa Baba Mdogo

Mpaka leo nikinusa vumbi linaloungua, narudi utotoni moja kwa moja, bila nauli. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na migongo mikubwa kama ya mafahali, na zikiwaka muda mrefu zilipata joto la kuweza kuchemshia chai darasa zima. Vumbi lililolala ndani yake liliungua taratibu, harufu yake ikachanganyika na ya masweta yaliyolowa na ya mahindi aliyochoma mama mmoja pale barazani. Huo ndio ulikuwa mkahawa wetu wa intaneti pale Sekei, masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne. Na ilikuwa masika kwelikweli. Mlima Meru ulijifunika mawingu mpaka watoto waliozaliwa mwezi ule walikua wakidhani tunawadanganya kwamba kuna mlima. Sisi tulikwenda pale mkahawani kila tulipoweza, watu watatu chini ya mwavuli mmoja uliovunjika mbavu: Baba, mimi, na bibi yetu mzaa baba, ambaye tulimwita Koko kama wanavyoitwa bibi wote wa kwetu, upande wa machweo wa mlima. Tulikuwa tunakwenda kuangalia video moja. Moja tu.

Video hiyo ilitoka kwa baba mdogo Lomayani, mtoto wa mwisho wa Koko, aliyepata ufadhili wa kanisa akaenda nchi ya baridi kusomea ualimu wa viziwi. Yeye mwenyewe ni kiziwi tangu alipougua homa akiwa mchanga. Sasa fikiria tabu hiyo: simu haimfai, kwa sababu hasikii, barua hazimfai Koko, kwa sababu hakuwahi kusoma. Walichokuwa nacho wao wawili ni mikono. Kabla baba mdogo hajapelekwa shule yoyote, Koko alitunga naye lugha yao ya nyumbani, wakiwa zizini na shambani. Maziwa yalikuwa na ishara yake, mvua yake, jirani mchoyo yake, na hiyo ya jirani mchoyo ilichekesha mpaka ng'ombe. Ishara ya "rudi nyumbani" ilikuwa kuunyoosha mkono mbele, kisha kuuvuta polepole mpaka kifuani. Koko aliifanya kila jioni akiwa amesimama langoni, na baba mdogo aliiona kutoka ng'ambo ya bonde akaja mbio. Video ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuivusha mikono hiyo baharini. Baba mdogo aliirekodi, akaiweka kwenye ukurasa wa chuo chake, akamwandikia Baba mistari miwili: video ni ya Mama, mpeleke akaione.

Na ilibidi aione upesi. Koko alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema macho yanafunga kutoka pembeni, na yakishafunga hayafunguki tena. Ndiyo sababu Baba alimtoa kijijini akamleta kwetu, na tayari alikuwa akikutazama kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Alinitafuta usoni kwanza, akanipata, ndipo akatabasamu.

Mkahawa ule uliendeshwa na kijana mmoja kutoka Kilimanjaro ambaye kila mtu alimwita Mangi, kama tunavyowaita Wachaga wote wenye duka. Alikuwa na matumaini ya kujaza lori la tani kumi. Siku ya kwanza alimkalisha Koko kwenye kiti chake mwenyewe, chenye mto, akaandika anuani ya ukurasa kwa vidole viwili, tukasubiri. Ukurasa ulifunguka kwa mwendo wa kukuwezesha kupanda mgomba, ukazaa, ukapika mbege na ukalewa, na bado picha ya juu ikawa nusu. Mwishowe pale ilipotakiwa kuwa video kikatokea kiboksi cha kijivu chenye alama ya kipande cha fumbo, na maneno ya Kiingereza chini yake.

"Huyo ndiye Lomayani?" Koko aliuliza, akisogeza uso.

"Hapana, Koko," Mangi akasema. "Hapo inadai plagini. Ni kiprogramu kidogo tu, kinabandikwa kwenye kivinjari ndipo video icheze. Kesho njooni, itacheza mpaka ichoke."

Tulirudi. Mangi alikuwa ameanza kupakua hiyo plagini tangu asubuhi, na mstari wa kijani ulikuwa umefika karibu na mwisho. Wateja wote waliacha mambo yao wakasimama nyuma yetu, hata mama wa mahindi aliingia na kipepeo chake cha kupepelea makaa. Mstari ukajaa. Mangi akapiga makofi. Akaanza kufungua ukurasa, na hapohapo umeme ukakatika, Sekei nzima ikawa kimya kama imemezwa. Uliporudi, plagini haikuwepo. Nilidhani imeibiwa. Kumbe kompyuta zile zilikuwa zimefungwa ngao dhidi ya virusi, ngao ambayo kila zikizimika na kuwaka inazirudisha zilivyokuwa mwanzo, na inafuta chochote kilichoongezwa. Neno la siri la kuiondoa alikuwa nalo kaka yake Mangi, naye alikuwa Moshi, na simu yake haikupatikana.

"Kwa hiyo inasahau?" Koko aliuliza.

"Inasahau kila kitu, Koko."

"Basi inazeeka kama mimi," akasema, tukacheka wote. Ila Baba alicheka huku akitazama nje.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya masika. Mangi anaiweka plagini, umeme unakata, plagini inafutika. Siku nyingine ilikaa, lakini ikasema kivinjari ni cha zamani. Akaweka kivinjari kipya. Kikasema kompyuta yenyewe ni ya zamani. Alijaribu kivinjari kingine, alifuta kumbukumbu zote, alizima hiki akawasha kile, na nadhani kama angeambiwa video itacheza akichinja mbuzi juu ya kibodi, angeuliza tu mbuzi wa rangi gani. Mimi nilijua maneno ya Kiingereza ya hitilafu kabla sijajua kusema "good morning" vizuri. Na kila tulipofika, Koko alisogeza kiti karibu zaidi na kioo. Mwanzoni alikaa hatua nzima nyuma. Kufikia Pasaka pua yake ilikaribia kugusa.

Siku ninayoikumbuka kwa uchungu wa ajabu ni ile ambayo Mangi alitupokea mlangoni akirukaruka. "Imepona! Shikamoo Koko, imepona! Njoo usikie!" Alikuwa ameunganisha spika za redio na kuongeza sauti mpaka mwisho. Kioo kilikuwa cheusi tii, lakini spika zilitoa mlio: kiti kikakwaruza sakafu, mlango ukafungwa mahali, kisha upepo, au labda mtu akipumua. "Sauti ipo," Mangi akasema, jasho linamtoka kwa furaha. "Picha itafuata. Sikiliza kwanza, ataanza kuongea sasa hivi."

Tulisikiliza ile pumzi. Koko aliinamisha sikio kwa heshima, kama anayesikiliza mahubiri kwa lugha asiyoijua.

"Mangi," Baba akasema polepole, "huyu haongei. Ni kiziwi. Anaongea kwa mikono."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka vile. Mangi alitazama kile kioo cheusi, akatazama spika, akapunguza sauti taratibu mpaka ikaisha, kama mtu anayefunika maiti. "Hamkuniambia," akasema. Kweli hatukumwambia. Koko akamgusa mkono. "Mwanangu, usihuzunike. Umenisikilizisha anavyopumua. Yuko hai."

Mara ya mwisho picha ilikuja. Ilikuja bila kutangaza, mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hatukusikiana. Baba mdogo akatokea amesimama mbele ya ukuta mweupe, amevaa koti kubwa, amenenepa. Koko akapiga kelele moja fupi. Kisha baba mdogo akafanya lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu hufanya mbele ya mzazi kabla hajasema lolote: akainamisha kichwa, aguswe. Na hapo picha ikaganda. Kikabaki kichwa kimeinama, utosi wake umejaa kioo chote, na kiduara kikizunguka katikati ya nywele zake.

Tulisubiri. Mangi hakugusa kitu, aliogopa hata kupumua. Koko akanyoosha mkono akaweka kiganja juu ya utosi ule, na umeme mdogo wa kile kioo ukatatarika chini ya vidole vyake. Aliuacha hapo. "Nimekugusa," akamwambia kwa Kimaasai. "Inuka sasa. Inuka, baba, useme." Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikatokea kiboksi cha kijivu kikisema plagini imeanguka. Mangi alijaribu mpaka jioni. Haikufika tena hata pale kwenye utosi.

Baada ya hapo mvua zikaisha, na macho ya Koko yakaisha nayo. Siku moja asubuhi alinitafuta usoni kama kawaida yake, hakunipata. Baba alimrudisha kijijini, kwa kuwa huko angalau miguu yake ilijua njia. Kabla ya kumpeleka, Baba alipitia kwa Mangi, akaketi kwenye kile kiti chenye mto, akamwandikia mdogo wake. Nilikuwepo, nilisoma begani kwake. Kwetu mtu aliye mbali haandikiwi mabaya. Yuko peke yake kwenye baridi, utamtwisha mzigo auweke wapi? Hata ng'ombe wakifa wote, unaandika kwamba malisho ni mazuri. Baba akaandika: "Mama ameiona video, amefurahi sana, anakusalimia. Sisi wote wazima." Akabonyeza, ikaenda mara moja. Barua kwenye mkahawa ule hazikuwa na tatizo kabisa.

Baba mdogo alirudi kututembelea mimi nikiwa nimeshamaliza kidato cha nne, kwa masomo ya jioni, ambako nusu ya darasa ilikoroma na nusu nyingine ikiwatikisa waliokoroma. Alikuja na mke wa huko na watoto wawili weupe kama maziwa ya mtindi. Alipiga magoti mbele ya Koko, akaingiza kichwa chini ya kiganja chake. Koko akakipapasa chote, masikio, kisogo, akacheka, akalia. Kisha baba mdogo akainuka akaanza kuongea kwa mikono, kwa kasi, kwa furaha, na Koko akawa anatazama kabati la vyombo. Hapo ndipo alipojua.

Jioni, kwenye chai, alinigeukia mimi, maana ishara zao za nyumbani nilizijua kiasi. Akaniuliza kwa nini Mama hakuwahi kumjibu. Nikamuuliza: kujibu nini? Akashangaa. Kwenye video, akasema, baada ya kuinua kichwa alimuuliza: wamenipa kazi huku, nikae au nirudi? Ukisema rudi, narudi. Baba akaandika kwamba ameiona. Alingoja jibu mwaka mzima, kisha akaona kimya chenyewe ndicho jibu, kwamba mama amekasirika au amemwachia. Akaoa.

Baba alikuwa ameshika kikombe. Hakukinywa wala hakukiweka chini.

Nilimweleza Koko kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kufanya hivyo. Kisha akanyoosha mkono mbele, kuelekea kabati, akauvuta polepole mpaka kifuani. Baba mdogo aliiona. Tiketi zake za kurudi zilikuwa mezani, karibu na sukari.

Koko tumeshamzika, kule upande wa machweo. Mimi leo nabadilisha vioo vya simu mtaa wa Kwa Mrombo, na watu huniletea malalamiko kwamba video imekwama sekunde tatu, wamekasirika kama wamevunjiwa nyumba. Ile plagini ilishaachwa dunia nzima. Hakuna kivinjari kinachoijua tena, na ukurasa wa chuo ulifutwa zamani. Nimeutafuta kwa kila ujanja ninaoujua, na najua ujanja wa kutosha kufufua simu iliyopikwa kwenye maharage. Jumapili baba mdogo hunipigia kwa video kutoka kule kwenye baridi. Wanangu huinamisha vichwa mbele ya simu, naye ananyoosha kiganja mpaka kinajaza kioo, kisha wanainuka, mikono inaanza, na picha haigandi hata kidogo. Kila mara nageuza simu kidogo kuelekea kiti cha Koko, nilichokichukua kijijini tulipomzika, kwa mazoea tu. Itacheza mpaka ichoke, alisema Mangi. Inacheza. Sisi ndio tumechoka.