Kisima Nilichokihamisha

Mimi ni mwanamke wa wasiwasi, sikufichi. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kuangalia kama nimezima jiko, na simu ikilia alfajiri huwa nimeshamzika mtu moyoni kabla sijaipokea. Basi wazee wa suluhu waliponiambia kwamba shauri la kiwanja cha babu litasikizwa baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na kwamba shahidi wetu ni mmoja tu, shangazi yangu wa Mombasa, sikulala vizuri tangu siku ile ile.

Kiwanja chenyewe kiko hapa Kismayo, si mbali na ufuo. Babu yangu, mtu wa kisiwa cha Kudhaa, alijenga pale nyumba ya mawe na akawalea wanawe ndani yake. Vita vilipoingia, watu wetu walikimbia kwa mashua, wakatua Ras Kamboni, wakavuka mpaka Kiunga, na kutoka huko kila mtu na njia yake. Mimi nilizaliwa kambini, nyumba hiyo sikuiona. Ilibomoka, hati zikaungua, na mtu mwingine aliyefukuzwa kwao bara akaingia akajenga vyumba vya matofali upande wa mbele. Si mtu mbaya. Wanawe wawili nimewasomesha mwenyewe. Alisema alichokikuta pale ni vifusi, hakuna nyumba ya mtu wala kisima.

Shangazi naye alishikilia kwamba uani kulikuwa na kisima, babake alikichimba kwa mikono yake. Wazee wakaona hapo pana njia. Shangazi aje, aape kwa Msahafu, aonyeshe mahali, kisha pachimbwe. Mawe ya kisima yakipatikana, kiwanja ni chetu. Yasipopatikana, tusirudi tena na habari hiyo. Yule bwana alikubali kwa sharti moja: shimo ni moja tu. Uani ndiko kwenye choo chake na jiko la mkewe, akasema, hawezi kutifuliwa ua wake kama shamba la muhogo. Nani angemlaumu? Lakini hilo shimo moja lilinikaa kichwani.

Kazi yangu ni kufundisha kompyuta katika skuli ya hapa mjini. Mashine zetu ni kongwe, michezo ya picha wanayoitaka vijana haziiwezi hata kidogo. Kwa hiyo huwafundisha kutoka kitabu kilichopoteza jalada, nilichokinunua kwa mtandaza vitabu wa Mombasa, kinachoeleza jinsi wale wa mwanzo walivyochora kwa kompyuta wakati kompyuta haikuwa na nguvu yoyote. Skrini ni vitone vilivyopangwa safu safu, na mstari ulioinama hauwezi kupita katikati ya vitone. Basi kila hatua mashine hujiuliza swali moja: niende sawa, au nipande kitone kimoja? Hujumlisha kosa lake dogo dogo mpaka lizidi nusu ya kitone, ndipo inapanda. Ni kujumlisha na kulinganisha, basi. Wanafunzi wakiona mstari umetoka kwa hesabu yao wenyewe hupiga makofi, na mimi hujifanya sijali.

Sasa, hofu ndiyo iliyonituma. Nilijiambia: huyu mama ana miaka mingi hajaiona Kismayo, atasimama mbele ya wanaume pekee, je akibabaika? Nikaamua kuijenga nyumba ndani ya kompyuta, aitazame, aizoee, siku ikifika maneno yamtoke bila kusita. Kila Ijumaa nilimpigia simu nikiwa na daftari mkononi. Alinitembeza kama mtu aliyeko ndani: ukitoka ukumbini, mkono wa kuume chumba cha mama, hatua nne hivi, mbele yako ua, jiko kule mwisho. Hatua zake nikazigeuza vipimo, kuta nikazikata pembetatu, maana kompyuta huchora kila kitu kwa pembetatu.

Kuupaka ukuta mwanga ni kazi yenye ujanja. Unapiga hesabu ya mwanga kwenye pembe tu, kisha katikati unaiachia mashine ibahatishe. Baina ya pembe mbili inazozijua hubahatisha vizuri mno, ukuta ukatoka laini, hata mwenyewe ukasahau kwamba pale kati haijui kitu. Nami nikafuata mtindo huo huo. Shangazi aliposahau urefu wa baraza ya uani, nilikisia. Aliposahau madirisha ni mangapi, niliweka mawili, kwa kuwa ukuta mtupu ulikuwa unanikera.

Picha ya kwanza ilichukua dakika arobaini kutoka, safu baada ya safu kuanzia juu, na betri za sola zikipungua. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali. Paa likatoka, ukuta ukatoka, mwisho ua. Nikaituma Mombasa kwa simu ya mjukuu wake, nikangoja nisifiwe.

Alipiga akauliza neno moja tu: kisima kiko wapi?

Nilimweleza kwamba kisima kipo, nimekijenga mahali pale pale aliponiambia, nyuma ya jiko. Ila picha ina jicho, yaani mahali inapotazamiwa, na jicho nimeliweka mlangoni mwa ua. Kila kitone cha skrini hukumbuka umbali wa kitu kilichokipaka. Kikija kilicho karibu zaidi, hukaa juu yake. Kikija cha mbali, hutupwa. Ukuta wa jiko uko karibu, kisima kiko nyuma yake, kwa hiyo kimetupwa. Nilieleza kwa ufasaha sana, kama niko darasani. Upande wa pili nikasikia analia. Akasema kisima cha babake wamekifukia watu wa vita, na mimi damu yake nimekifukia tena.

Ningeweza kulihamisha jicho. Ndiyo dawa yenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Lakini kulipeleka jicho nyuma ya jiko kulitaka niijue sura ya ukuta wa nyuma, nami sikuwa nayo, na kumuuliza zaidi mtu anayelia sikuweza. Basi nikakihamisha kisima. Tarakimu mbili nilizibadilisha, sikuzidi hapo. Kikatoka nyuma, kikaja mbele ya jiko, kando ya baraza, mahali pa wazi ambapo jua la picha linakipiga vizuri. Nikatuma tena. Shangazi akafurahi, akaniombea dua ndefu, akasema sasa hii ndiyo nyumba yetu. Nikajiambia ni kumpoza tu, siku ya siku nitamkumbusha. Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea mzee, na ni yale yale.

Miezi ikapita. Mjukuu wake aliniambia kwamba kila baada ya Asiri humwomba amfungulie ile picha, akaitazama mpaka simu inaishiwa na chaji. Nilifurahi kusikia hivyo. Wallahi nilifurahi.

Shangazi alifika Kismayo siku mbili kabla ya shauri. Asubuhi yenyewe, tukinywa chai, nikamwomba anisimulie nyumba kama atakavyowasimulia wazee. Alianza ukumbini, akatoka uani, hakukosea hatua, hakusita hata mara moja. Kisha akasema kisima kipo mbele ya jiko, kando ya baraza.

Nikamwambia taratibu kwamba hapana, mwanzo aliniambia nyuma ya jiko, mimi ndimi niliyekileta mbele ili akione. Akanitazama kama nimetukana. Nikamletea daftari, nikamwonyesha neno "nyuma". Akasema huo ni mwandiko wangu, si wake. Nikarudia, sauti ikanipanda, maana nikiogopa huwa mkali, ni tabia mbaya niliyonayo. Hapo naye akapanda.

"Wewe ulizaliwa kambini," akasema. "Utanifunza mimi uwa wa babangu?"

Akaenda kutia udhu. Mimi nikabaki na kikombe mkononi. Nikapiga hesabu zangu. Nikinyamaza, ataapa kwa Msahafu juu ya jambo nililolitunga mimi, watachimba, watakuta mchanga, na mwanamke aliyeishi umri wake wote bila mtu kumwita mwongo ataitwa mwongo mbele ya watu. Nikisema, nani atamsikiliza tena shahidi aliyefundishwa kwa picha? Njia zote mbili kiwanja kinakwenda. Ndivyo nilivyoona, na bado nilitembea naye mpaka huko nikimshika mkono, nikiomba akumbuke mwenyewe akipaona.

Wazee wanne walikaa juu ya jamvi uani kwa yule bwana. Mkewe alitandika vizuri, akaleta chai ya hiliki. Mtu wa sururu alisimama kando akingoja aambiwe. Kuta za jiko la zamani zilikuwa zimebaki misingi tu, mistari ya mawe chini, lakini shangazi aliitambua mara moja, akainama akaigusa kwa kiganja. Yule bwana aliinamisha kichwa. Nadhani hapo hata yeye alijua. Lakini masharti yalikuwa kisima, si misingi, kwa kuwa mawe ya misingi yamejaa mji mzima.

Shangazi hakuangalia nyuma ya jiko kabisa. Alikwenda mbele, akahesabu hatua kutoka mahali ambapo baraza ilikuwa, baraza ambayo urefu wake nilikisia mimi, akasimama penye mchanga mtupu akasema ni hapa. Mzee mkubwa akafungua kitambaa, akatoa Msahafu.

Nilisimama. Nikawaambia yote: picha, ukuta, machozi ya simu, tarakimu mbili. Nilisema ovyo ovyo, nikirudi nyuma na kwenda mbele. Kisha mzee akaniuliza kisima kilikuwa wapi. Nikasema nyuma ya jiko. Akaniuliza kama nilikiona kwa macho yangu. Nikasema hapana.

Akamgeukia shangazi, akamwambia kwa upole aiache picha, asahau yote niliyomwonyesha, amtazame babake tu anateka maji, aseme amesimama wapi.

Shangazi alifumba macho. Nilimwona midomo inatembea, mkono wake unaelekea kuume, unarudi. Mke wa yule bwana alikuwa amesimama mlangoni na sinia, naye hakutikisika.

"Simwoni," akasema mwisho, macho bado kayafumba. "Naiona ya huyu mwana tu."

Mzee mwingine, katika kutaka kutusaidia, akasema kama anamwamini binti wa kakake basi aape kwa neno lile la mwanzo, nyuma ya jiko, na pachimbwe hapo. Nilimtazama shangazi. Nilitaka akubali, Mungu anisamehe, nilitaka kwa roho yangu yote.

"Mchu haapi kwa la kuambiwa," akasema kwa lugha ya Kudhaa, yaani mtu haapi kwa jambo aliloambiwa.

Basi likaisha hapo. Msahafu ukafungwa, mtu wa sururu akaenda zake bila kupiga hata pigo moja. Yule bwana hakushangilia. Alitusindikiza mpaka njiani, akaniita maalim kama siku zote, na mimi sikuweza kumtazama usoni. Kisima kipo pale, nyuma ya jiko, pengine chini ya kuni za mkewe. Siwezi kuthibitisha, na aliyeweza nimemnyang'anya uwezo huo mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kumhurumia.

Nilingoja anigombeze. Siku mbili nzima nilingoja, nikishtuka kila akiniita, na kila akiniita ilikuwa ni maji ya kunywa au dawa yake ya presha. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo lilinitesa zaidi. Asubuhi ya safari nilimkuta chumbani anafunga mzigo. Aliniambia nikae. Nikakaa, nikasema moyoni, haya, limekuja.

Akaniuliza ule mlango wa mbele wa nyumba ya babake ulikuwa wa rangi gani.

Aliniuliza mimi. Nilimjibu kijani, kwa sababu ndiyo rangi niliyoupaka siku moja nilipochoka kuuona mweupe. Akasema ndiyo, kijani, babake alikipenda sana kijani, akaendelea kukunja leso zake.